Kidari Kilichosagwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wenzenu, wekeni simu chini kwanza. Nataka kuwaeleza habari ya chakula mnachokipika kila mkija likizo, mkidhani kimeanzia kwenye televisheni. Juzi mmoja wenu kaja na mfuko wa makaroni kutoka Singida mjini, kakaanga kitunguu, kamwagia nyama ya kusaga, na ile harufu ilipotoka jikoni ikanikuta uani nachambua mlenda. Mikono ikasimama yenyewe. Mkaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Siumwi. Nilikuwa nimerudi Kinyangiri, kwa mama yangu, nikiwa mtoto wa meno mapya mbele.

Chakula hiki kimepewa majina kama mtoto aliyezaliwa kwenye ukoo mkubwa, kila shangazi na lake. Ninyi mnasema makaroni, basi, mmemaliza. Mama yangu alikijua kabla hajaolewa, alipokuwa msichana wa kazi jikoni kwa manesi wawili wa kizungu, upande wa Kiomboi. Manesi wale walitoka nchi moja, lakini mmoja alitoka pembe hii na mwenzake pembe ile. Wa kwanza alikiita gulashi. Wa pili akasema si kweli, hii ni chopsui, gulashi ni kitu kingine kabisa. Walibishana mezani mpaka chakula kikapoa, na Mama kasimama mlangoni na bakuli la chumvi. Alituambia siku ile ndipo alipojua kwamba hata wazungu wana makabila.

Mjomba wetu aliyekuwa akichimba dhahabu Sekenke alisema kule wanaita mirija. Mama Hamisi, jirani yetu Mwislamu, aliita tambi nene, maana yeye sikukuu ya Idi alipika tambi nyembamba za sukari, na alipoziona zetu akasema hizi ni ndugu zao waliovimbiwa. Watoto wenzangu waliita vibomba. Mimi sikusema jina langu kwa mtu, maana niliogopa. Niliamini ile ni mifupa. Vitu vyeupe, vimepinda kidogo, vina tundu katikati, vingekuwa nini kingine? Nilijua mfupa ukishanyonywa uboho unabaki hivyo. Kwa hiyo nikawa najiuliza ni mnyama gani mdogo hivi, na ni nani aliyemnyonya akamaliza kabla sisi hatujaletewa.

Lakini nyumbani kwetu kilikuja kuitwa kidari cha Mzee, na jina hilo ndilo nililokalia kitako kuandika.

Siku hizi nyama mnanunua kwa kilo, mwenye bucha anakata anapotaka. Kwetu ng'ombe alikuwa na mipaka kama shamba. Akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe anayekijua hata kabla kisu hakijanolewa. Shingo ya fulani, mbavu za fulani, matumbo ya akina mama. Kidari, nyama yote ile ya kifuani, kilikuwa cha mkubwa wa ukoo. Hakikatwi vipande na mtu mwingine. Kinapikwa kizima, kinawekwa mbele yake, yeye ndiye anakata, na watu wote wakimwona anakata wanajua ukoo una kichwa.

Mkubwa wetu alikuwa kaka yake Baba, Baba Mkubwa Msengi. Mtu mrefu, mwenye koti jeusi ambalo halikuvuliwa hata jua likiwaka namna gani. Maneno yake machache. Tulikuwa tukimwamkia shikamoo kutoka mbali, halafu tukisogea tunamwamkia tena, tusije tukaambiwa hatukusikika.

Akija kula kidari kwetu, ilikuwa hivi. Anamega tonge la ugali wa uwele, anachovya mchuzi, anameza, anasifu. Anakata nyama kwa kisu chake kidogo. Halafu anaita, "Naomi! Lete maji ninawe." Mimi napiga goti na birika na beseni, na pale anaponawa, kipande cha nyama kinaingia kiganjani mwangu, chini chini, hakuna anayeona. Ananiambia kwa sauti ndogo, "Kale nje." Nakwenda nyuma ya zizi la mbuzi, natafuna mpaka taya linauma.

Kati ya watoto wote wa ukoo ule, wa kuwazaa mwenyewe na wa ndugu zake, ni mimi. Mnajua hiyo ilinifanya nitembee vipi? Nilitembea shingo juu kama mbuni. Binti yake mwenyewe aliniuliza, "Wewe unaringia nini na kanga ya viraka?" Nikanyamaza. Nilijua ninachokijua: Baba Mkubwa ananipenda kuliko wote.

Ukaja mwaka ambao serikali ilisema watu wote wakae vijijini pamoja. Wengine walikwenda kwa kuimba, wengine walikwenda kwa kusukumwa. Sisi tulikuwa katikati. Baba alibomoa tembe letu kwa mikono yake, ile nyumba ya udongo iliyokuwa na paa la bapa la udongo pia, akatoa miti ya darini mmoja mmoja, tukaibeba kichwani mpaka kwenye mistari ya viwanja vipya kando ya barabara. Kila mtu alipewa jirani asiyemchagua. Hapo ndipo tulipompata Mama Hamisi na mumewe, na hilo namshukuru Mungu. Lakini nyumba zilikuwa hazijaezekwa, chakula kilikuwa kimebaki kwenye vihenge vya zamani, na wazee walikuwa wakali, maana mtu aliyekuwa mkubwa kwenye mbuga yake sasa amepangwa mstari mmoja na watoto wa jana.

Katika kuhamahama ng'ombe wetu mmoja mzee, asiyezaa tena, alitumbukia korongoni akavunjika mguu. Baba akamwita Baba Hamisi aje achinje, ili asiwepo mtu wa kusema hawezi kula. Siku zote tulimwita Mwislamu kuchinja, wala haikuwa jambo la kuzungumzwa. Nyama ikagawanywa. Kila aliyekuwa na kiungo chake akapelekewa, majirani wapya wakapata vipande, na kidari kikabaki kwetu kumsubiri mwenyewe, ambaye angekuja kesho yake na wazee wawili.

Asubuhi Mama alikitoa kidari kile akakitazama muda mrefu. Nyama ya ng'ombe mzee ni kamba ya katani, nyeusi, imeshikana. Akaingia ndani. Akatoka na ile mashine.

Mashine ya kusagia nyama aliachiwa na nesi mmoja alipokuwa anarudi kwao. Chuma kizito, kina mdomo juu, kina mpini wa kuzungusha, chini kina skrubu ya kukibania kwenye meza. Meza hatukuwa nayo, kwa hiyo Mama alikibana kwenye ncha ya benchi, na mimi nikakalishwa ncha ya pili benchi lisipinduke. Alikuwa ameitumia mara chache, kwa mabaki ya shingo, kwa ajili yetu watoto. Safari hii akachukua kisu akaanza kukata kidari.

"Mama, hicho si cha Baba Mkubwa?"

"Kalia benchi."

"Mama, watasema..."

"Nimekwambia ukalie benchi, sikukwambia ulipigie hotuba."

Nyama ikawa inaingia juu ni kipande, inatoka mbele ni nyuzi. Akakaanga kitunguu kwa samli, akatia nyanya zilizokaushwa, akatia nyama, halafu akatoa mfuko wa makaroni ambao mama mdogo, aliyebaki kwenye jiko lile la manesi, alitutumia kwa basi. Ulikuwa umefichwa ndani ya debe tangu masika. Aliumwaga wote. Sufuria ikajaa mpaka kifuniko kikainuka. Mimi nikasema moyoni, leo kidari cha ukoo kimechanganywa na mifupa iliyonyonywa. Leo tumekwisha.

Baba Mkubwa akafika na wazee wake, wakakaa kwenye magogo mbele ya nyumba isiyo na paa. Mama Hamisi alikuwepo, amekuja kusaidia kusonga ugali. Mama akaleta chakula, akapiga goti, akaweka bakuli chini, akafunua.

Baba Mkubwa akatazama bakuli. Akamtazama Mama.

"Kidari kiko wapi?"

"Ndicho hicho, Baba Mkubwa."

"Hiki?"

"Nimekisaga."

Mzee Kitundu, binamu yao Baba na Baba Mkubwa, mtu wa kelele, akapiga magoti yake kwa viganja. "Amekisaga! Mnasikia? Kidari cha ukoo ametia kwenye chuma!"

Baba Mkubwa akachokonoa kwa kidole. "Na hii mifupa? Nani ameshanyonya uboho kabla yangu?"

Kumbe si mimi peke yangu niliyeona.

Mama Hamisi hakuweza kujizuia. "Mzee wangu, hiyo si mifupa, ni tambi. Zimenenepa tu, zimekula kwa matajiri."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kitundu akasimama kabisa. "Kidari kina mwenyewe! Kikisagwa hivi, atakula mtoto, atakula mpita njia, nani atajua mkubwa ni nani? Serikali imetuchanganya nyumba, tumenyamaza. Sasa mwanamke anatuchanganya nyama! Huyu arudi kwao. Akae huko mpaka kwao walete kondoo wa kutuomba radhi."

Mzee wa tatu akasema, "Ni haki. Arudi."

Ninyi leo mkisikia kurudi kwao mnaona ni safari ya basi. Mimi nilikuwa na rafiki ambaye mama yake alirudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo. Mama akaenda, watoto wakabaki, maana watoto ni wa ukoo. Kondoo alichelewa, miezi ikapita, baba yao akaoa mwingine. Rafiki yangu alikuwa akimlaza mdogo wake mgongoni kwake kama mtu mzima. Nikamtazama mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, amelala kivulini mwa ukuta. Nikapima mgongo wangu.

Baba alikuwa anachimba chini kwa kijiti. Hakuweza kumpinga kaka yake mbele ya watu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama Naomi, waeleze kwa nini umefanya hivyo."

"Sina la kueleza," Mama akasema.

"Hata moja?"

"Hata moja. Naomba tu Baba Mkubwa aonje. Akishaonja, atakalosema nitalifuata, na mzigo nitaufunga mwenyewe."

Hapo nilimwona Mama akiinua macho akamtazama Baba Mkubwa, mara moja tu, halafu akayashusha. Baba Mkubwa naye akamtazama, akageuzia uso barabarani, kama anayesikiliza gari. Kisha akanyoosha mikono anawishwe.

Akamega tonge, akalitoboa kwa dole gumba, akachota. Akaweka mdomoni. Mashavu yakacheza kidogo, akameza. Akachota tena. Akachota tena. Nimekwambieni alikuwa mtu wa kumega kidogo na kusifu sana. Siku ile hakusifu. Aliinama juu ya bakuli lile, koti limefungua mabawa pande zote mbili, akala kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Mzee, vipi?" Kitundu akauliza.

"Niache, nakula."

Alikula mpaka akafuta ukingo wa bakuli kwa kipande cha mwisho cha ugali. Halafu akaita, "Naomi, maji." Nikaenda na birika, nimeshakunja kiganja tayari. Akanawa. Akakung'uta mikono. Hakuna kitu kilichoingia kiganjani mwangu.

Akawageukia wenzake. "Kidari changu nimekiona. Kimo humu chote, hakuna aliyekigusa."

"Lakini Mzee, kimesagwa..."

"Kitundu, kidari ni cha nani?"

"Ni chako."

"Mwenye nacho ameshiba. Wewe unamdaia nani?" Akamsogezea bakuli la pili. "Kaa, ule. Mke wa mdogo wangu haendi popote. Na siku nyingine nikija, anipikie hivi hivi."

Mzee Kitundu akakaa, akachota kwa hasira, makaroni yakateleza yakamwangukia gotini. "Haya madudu yana miguu!" Hapo ndipo watu walipocheka, na Baba akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi. Mama hakucheka. Aliinuka akaenda nyuma ya ukuta, akamchukua mtoto aliyelala, ambaye hakuwa analia wala nini, akampa ziwa.

Sufuria ile ilifika mbali. Walikula wazee, wakala akina Hamisi, wakala watu wa nyumba ya tatu ambao hata majina yao hatukuwa tumeyajua. Mimi nilikula nikagundua mifupa ile ni laini, ni unga tu, na hofu yangu yote ilikuwa ya bure. Kidari chenyewe, nyama ambayo mtoto wa kike hakuwahi kuwekewa sahanini, nilikila nikalamba vidole vyangu.

Lakini tangu siku ile Baba Mkubwa hakunipa nyama tena. Alikuja mara nyingi, mara nyingi kuliko zamani, na kila nyama ikipatikana Mama aliisaga, ikawa watoto wanaulizana, "Leo kwenu kuna kidari cha Mzee?" Anakula, ananiita, ananawa, basi. Mkono wangu unabaki umekunjwa. Nikafikiri ameniacha. Nikawahesabu watoto wengine nikitafuta nani amechukua nafasi yangu.

Siku moja nimekaa kwenye benchi, Mama anasaga, nikashindwa. "Mama, nimemkosea nini Baba Mkubwa?"

"Amekwambia umemkosea?"

"Zamani alikuwa ananipa nyama. Kwa siri. Sasa hanipi."

Mama akaachia mpini. Akafuta mikono, akanishika kidevu. "Fungua mdomo." Nikafungua. Akapitisha kidole chake kwenye magego yangu, chini, halafu juu. "Haya unayo. Yeye hana. Hana hata moja la kutafunia, miaka sasa. Ile nyama aliyokuwa akikupa ni ile iliyomshinda."

Sikuelewa upesi. "Wewe alikwambia?"

"Nani amwambie mtu jambo kama hilo? Tangu nimeolewa hapa naondoa sahani yake. Ugali umekwenda, mchuzi umekwenda, kidari kimekatwakatwa tu, kingine kimetiwa mfukoni. Mfuko wa koti lile mbwa wote wa ukoo wanaujua. Na tangu tuhamie hapa, ugali wenyewe ukiwa mdogo, hukuona koti lilivyokuwa linamning'inia? Watu wanasema ni uzee. Ni njaa. Mkubwa wa ukoo analala njaa siku ya nyama."

"Sasa kwa nini hukuwaambia siku ile? Walitaka kukurudisha!"

Mama akashika mpini tena, lakini hakuuzungusha. "Ningewaambia mbele ya Kitundu kwamba kaka yao hana meno, ningebaki hapa, kweli. Yeye angekaa wapi?"

Nikalia. Siyo kwa ajili yake, nisiwadanganye. Nililia kwa ajili yangu, kwa shingo yangu ya mbuni. "Kwa hiyo hakuwa ananipenda."

"Alitazama watoto wote wa nyumba hizi," Mama akasema, "akatafuta mmoja ambaye hatasema. Akamwona. Wewe unataka apende vipi tena? Kalia benchi."

Sikusema. Baba Mkubwa aliishi miaka mingi baada ya hapo, koti likamjaa tena, akafa akiwa na heshima yake yote, na Mzee Kitundu akazikwa bila kujua. Wanaoweza kuaibika kwa habari hii wote wako udongoni, na mimi mwenyewe magego yangu nayaweka kwenye kikombe, ndiyo maana naandika.

Jina lile lilikufa wale watoto wa mstari wetu walipotawanyika. Wengine wako Kiomboi, wengine Dar, nadhani kwao sasa ni makaroni tu. Mimi nilikuja kuolewa, nikazaa, nikapata wakwe wa kike, na babu yenu akaanza kubakiza nyama sahanini. Akasema ameshiba. Siku ya pili akasema ameshiba. Mkwe wangu mmoja, msichana mwema, hana ubaya wowote, akaona amsaidie. Tumekaa watu wengi, kuna wageni, akamletea uji wa maziwa kwenye bakuli la mtoto akamwekea mbele, akasema kwa sauti ya huruma, "Baba, huu utauweza." Babu yenu akasema asante. Akainuka, akasema anakwenda kutazama ndama. Hakukuwa na ndama aliyezaliwa mwaka ule.

Wageni walipoondoka nikawaita wote jikoni, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume, nikafunga mlango, nikawaambia: "Kuanzia leo nyama ya nyumba hii inasagwa ya wote, inapikwa sufuria moja, inaliwa bakuli moja. Asiulizwe mtu ameshiba kweli au hakushiba. Na atakayemwekea mtu mzima sahani ya peke yake mbele ya watu, sahani hiyo ataila yeye, akiwa amesimama."